Nani Atamfunga Nywele

Mama wa Kiberiti alishuka kwenye basi la alfajiri akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, mkoba begani, hata maji hajanywa. Hakupitia uwanjani wala bwenini. Mpelelezi alimkuta kwenye benchi la mapokezi, viganja juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Konstebo wa zamu alikuwa anamweleza tena kwamba msichana wa chuo asiyepokea simu si kesi, ni msichana wa chuo.

"Amelala tu huyo, mama," konstebo alisema. "Leo fainali. Kocha atakuwa amewanyang'anya simu."

"Simu aliipokea jana jioni. Tuliongea vizuri. Ndiyo maana nimekuja."

Mpelelezi alivuta kiti akaketi mbele yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, anayeuliza taratibu na kusubiri jibu lote. Alimuuliza mtoto alisema nini.

"Alisema nisijisumbue kuja. Eti nipumzike, nitamwona kwenye televisheni. Halafu akaniuliza mgongo unaendeleaje." Mama akamtazama usoni. "Afande, mtoto yule nimemzaa mimi. Tangu aote meno hajawahi kunisemesha kwa upole. Nikasema hapa kuna jambo."

Konstebo alitaka kucheka, akaona mpelelezi hacheki, akameza.

Mashindano ya taifa ya soka la wanawake wa vyuo yalikuwa yamefika siku ya mwisho. Zilibaki timu mbili, Weupe na Chungwa, kama watu walivyoziita kwa rangi za jezi zao, na mechi ilikuwa alasiri ile. Kiberiti alikuwa winga wa kushoto wa Weupe. Jina walimpa wenzake kwa sababu ni mwembamba na huwaka haraka. Timu nzima ilikuwa imelala pamoja wiki yote, katika bweni nyuma ya uwanja.

Mpelelezi alimpigia kocha wa Weupe. Kocha akasema msichana yupo, anapumzika. Mpelelezi akaomba aongee naye. Kocha akakohoa, akasema kwa kweli hayupo, amerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu.

"Swali moja, majibu mawili," mpelelezi alimwambia konstebo baada ya kukata simu. "Lete gari."

Bweni lilinuka dawa ya kuchua misuli na soksi zilizoanikwa madirishani zikakataa kukauka. Kitanda cha Kiberiti kilikuwa kimetandikwa, shuka limebanwa pembeni kama la hospitali. Mpelelezi alipiga magoti akachungulia uvunguni. Begi lilikuwepo. Viatu vya mpira vilikuwepo, matope ya nusu fainali yamekauka katikati ya meno ya soli. Mswaki ulikuwa kwenye kikombe juu ya kabati. Kilichokosekana ni simu na kitambulisho.

Mama alisimama mlangoni asiingie. Alikuwa anavitazama vile viatu.

Wasichana waliokuwa kwenye korido walisema walimsikia kocha jana akigombana na Kiberiti baada ya chakula, mlango umefungwa, sauti ya kocha juu. Mmoja alisema alimsikia akimwambia Kiberiti atamfundisha adabu. Konstebo aliposikia hayo alianza kupapasa pingu kiunoni. Kocha aliitwa. Alikuja akijifuta jasho shingoni, na jua lilikuwa halijapanda.

"Ulimfukuza jana?" mpelelezi aliuliza.

"Jana. Baada ya chakula."

"Akaenda kwao."

"Akaenda kwao."

"Peku?"

Kocha alitazama uvunguni. Akasema ana viatu vingine.

"Mchezaji kafukuzwa, ana hasira, anaacha mswaki, anaacha viatu alivyofungia mabao, halafu anatandika kitanda vizuri," mpelelezi alisema. "Kocha, leo umenidanganya mara mbili na hata chai sijanywa. Naanza na wewe. Kaa."

Kocha alikaa kwenye kitanda cha jirani, akazungumza akiangalia mikono yake. Ugomvi ulikuwepo, alisema, lakini ni kwa sababu msichana alimwambia hatacheza fainali. Yeye akadhani ni woga wa mechi kubwa, akapandisha sauti kama makocha wote wanavyopandisha. Asubuhi kaamka, kitanda kitupu. Na sheria ya mashindano ni kwamba mchezaji akitoroka kambini timu inaweza kuondolewa. Basi akaona anyamaze mpaka filimbi ya mwisho, kisha atoe taarifa.

"Na hukuogopa?" mpelelezi alimuuliza. "Mtoto wa watu hujui alipo, ukaenda kupanga kikosi?"

"Najua alipo," kocha alisema polepole. "Yuko na wakala."

Hapo mama aliingia chumbani.

Kocha alieleza kwamba baada ya mechi ya kwanza alifuatwa na mwanamume mmoja aliyevaa koti lenye nembo kifuani, saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni. Mtu mpole, kila mtu anamwita mwalimu. Alisema anatafutia wasichana timu ng'ambo. Akaomba ruhusa azungumze na Kiberiti, kocha akampa. Mpelelezi aliuliza wakala huyo alimsifia nini msichana.

"Mguu wake. Alisema hajaona mguu wa kulia kama ule."

Konstebo, ambaye hakuwa amekosa mechi hata moja ya Weupe kwenye televisheni ya kantini, aliguna. "Kiberiti ni wa kushoto, bwana. Ule wa kulia ni wa kupandia ngazi tu."

"Nilidhani ulimi umemteleza," kocha alisema.

Mpelelezi alimwambia konstebo aache pingu zilipo. Mtu huyu alikuwa mwoga na mwongo, lakini msichana hakuwa naye. Mama alikuwa amekwisha kumfikia kocha pale kitandani. Hakupaza sauti.

"Ulimwona mwanangu na mtu usiyemjua, ukanyamaza ili upate kikombe."



Kipa wa Weupe, ambaye pia ndiye nahodha, aliitwa Ukuta. Walimkuta kwenye chumba cha kufulia, anasugua glavu ambazo zilikuwa safi. Mama yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, filimbi ya plastiki shingoni. Huyu alikuwa amesafiri na timu tangu mechi ya kwanza, na kelele zake zilijulikana hata na waamuzi. Watu walimwita Mama Ukuta, naye aliitika kwa fahari.

Ukuta alisema hajui kitu. Mpelelezi hakumtisha. Alichutama karibu na karai, akamuuliza jambo dogo tu: kwa nini Kiberiti ameacha viatu?

Msichana aliendelea kusugua. Mama yake akamwambia, "Jibu, mwanangu. Mama wa mwenzako yuko hapo nje anasikia."

"Aliambiwa asibebe kitu," Ukuta alisema. "Kila kitu atapewa. Viatu vipya, nguo, begi."

Wewe mwenye binti, hapo ndipo pa kusimama usome mara mbili. Anayemwita mtoto wako kwa safari ndefu akamwambia aje mikono mitupu, hafikirii safari. Anafikiria majirani, wasije wakaona mtu anaondoka. Mpelelezi alilijua hilo kwa kazi yake, na alisugua paji la uso kabla ya kuuliza tena.

Aliuliza wakala alikuwa anataka kujua nini. Ukuta akasema alimuuliza Kiberiti nyumbani kuna nani, baba yupo au hayupo, kama kuna kaka wakubwa, mama anashinda wapi.

"Hakumuuliza anatumia mguu gani? Namba gani anaipenda?"

"Hapana."

"Wewe nahodha. Alikufuata?"

"Mimi hakunisemesha hata siku moja."

"Na yule mfungaji wenu mkuu?"

"Hakumgusa. Alimfuata Kiberiti, na…" Ukuta aliangalia mlango. "Na Kimya."

Kimya alikuwa beki wa akiba, msichana mrefu ambaye hasemi mpaka asemeshwe. Mashindano yote hakuwa ameingia uwanjani hata kwa dakika moja. Konstebo alikuna kichwa, akasema wakala wa kwanza huyu duniani, anamtaka mchezaji ambaye hajawahi kumwona akigusa mpira. Alisema kama utani, lakini mpelelezi alimgeukia kana kwamba amemkabidhi kitu mkononi.

"Rudia ulichosema."

Akarudia, safari hii bila kucheka.

Mpelelezi aliuliza kama kuna mtu mwenye picha za mechi. Mama Ukuta alitoa simu yake. Picha zilikuwa nyingi ajabu, nyingi zake mwenyewe na bintiye wakiwa kwenye bomba la uzio. Ikabidi aeleze. Mwamuzi haruhusu mchezaji aingie na vibanio vya chuma kichwani, kwa hiyo nywele zote hufungwa kwa utepe wa kitambaa. Chuo chao kimeufanya utepe huo kuwa desturi. Kabla ya mechi wasichana husogea kwenye bomba linalotenga uwanja na jukwaa, na yeyote aliyekuja kwa ajili yako ndiye anayekufunga, awe mama, shangazi, dada, hata babu mwenye mikono inayotetemeka. Asiye na mtu hufungwa na kipa.

"Inapendeza sana," Mama Ukuta alisema. "Watu hulia."

Mpelelezi alipitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Mechi ya kwanza, nywele zinafungwa, na nyuma ya mabega ya akina mama, koti lenye nembo. Mechi ya pili, nywele, na lile koti tena, safari hii karibu zaidi. Kisha picha za mabao, watu wamesimama, mikono juu. Alitafuta koti. Kiti kilikuwa kitupu. Alirudi nyuma, akaenda mbele. Robo fainali, hivyo hivyo. Nusu fainali, hivyo hivyo. Mtu yule alikuja nywele zikifungwa, akaondoka mpira ukianza.

Halafu akafungua video. Sauti ya mtangazaji wa uwanjani ilijaa chumba cha kufulia. Alikuwa anawachekesha watu kabla ya mechi: "Na pale tunawaona Kiberiti na Kimya, watoto wa kipa. Jamani, leo tena hawana mtu, mama yao ni Ukuta." Jukwaa zima likacheka, na kicheko cha karibu na simu kilikuwa cha Mama Ukuta mwenyewe.

Mpelelezi aliirudisha video mwanzo, akaicheza tena. Mama Ukuta aliivua filimbi shingoni, akaishika tu.

"Hatafuti wachezaji," mpelelezi alisema. "Anatafuta wasio na mtu. Na kila mechi tumemwonyesha, tena kwa kipaza sauti."

"Ana mtu," mama wa Kiberiti alisema kutoka mlangoni. "Napika jikoni hospitali, wiki yote nimenyimwa ruhusa. Leo nimetoroka zamu. Ana mtu yule."

"Najua, mama. Yeye aliuangalia uzio tu."

Wakamwita Kimya. Alikuja, akasikiliza yote amesimama, mikono nyuma. Alipoulizwa, alisema wakala aliahidi kumpa leo jibu la timu ya ng'ambo, pale pale kwenye bomba. Konstebo akasema basi msichana afungiwe ndani, polisi wajae uwanjani, mtu akamatwe akitokea tu. Mpelelezi akamuuliza akishakamatwa akakataa kusema Kiberiti yuko wapi, atamwambia nini mama huyu. Mpelelezi akamwambia Kimya ukweli: anaweza kukataa, na hakuna atakayemlaumu.

"Nitasimama," Kimya alisema. Hakungoja kuulizwa mara ya pili.

Alasiri uwanja ulijaa mpaka ngazini. Mpelelezi alikaa jukwaani amevaa fulana nyeupe ya chuo, mama wa Kiberiti kulia kwake na Mama Ukuta mbele ya mama huyo, safu moja chini. Alikuwa amewaagiza jambo moja, na lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Wasisogee kwenye bomba. Mama Ukuta alikwisha kumfunga bintiye nywele bwenini. Ukuta aliambiwa aende golini mapema, asimfunge Kimya. Konstebo alikuwa langoni, amevaa jezi ya Chungwa kwa sababu ndiyo pekee iliyokubali kupita tumboni kwake, na alikuwa ameilalamikia jezi hiyo kuliko alivyolalamikia hatari.

Wasichana walisogea kwenye bomba. Mikono ikaanza kazi. Kimya alisimama peke yake, utepe mkononi, nywele zimesambaa mabegani.

Mtangazaji hakuwa ameambiwa kitu. "Kimya leo hata kipa kamsahau, jamani," alisema, na watu wakacheka.

Koti lilitokea upande wa vyoo. Mwanamume wa kawaida, viatu safi, angeweza kuwa mjomba wa yeyote. Aliteremka ngazi bila haraka, akiomba radhi kwa waliokaa. Alipofika kwenye bomba alimwambia Kimya neno, kisha akanyoosha mkono, akauchukua ule utepe. Akamgeuza msichana taratibu kwa bega. Akaanza kumfunga nywele.

Mama Ukuta alisimama. Mama wa Kiberiti alimdaka sketi kwa nyuma, akamvuta.

"Kaa," alimnong'oneza. "Wa kwako unamwona. Wa kwangu simwoni. Kaa."

Mama Ukuta alikaa. Aliziba mdomo kwa kiganja, yeye ambaye sauti yake ilikuwa haijawahi kuzibwa na mtu.

Simu ya mpelelezi ilitetemeka. Konstebo alikuwa anauliza kama amkamate sasa. "Ukimkamata hapa tutakuwa na mwanamume," mpelelezi alimjibu. "Msichana hatutakuwa naye. Mwache."

Utepe ulifungwa. Mwanamume alimpigapiga Kimya begani, akapanda ngazi. Filimbi ya kuanza mechi ililia naye akiwa amekwisha kufika langoni, mgongo kwa uwanja, hakugeuka hata kuona nani kaanza na mpira.

Mpelelezi alishuka mbio mpaka kwenye bomba. Kimya alimweleza bila kupoteza neno: wakati wa mapumziko, lango la nyuma, gari litakuwepo. Asibebe kitu. Kiberiti hayuko mbali, anawatazama kwenye televisheni.

Mpelelezi alimwita Mama Ukuta kwa mkono. "Mfungue mtoto huyu," alisema, "umfunge upya."

Alimkuta konstebo nje ya lango, jicho bado kwenye lile koti. Barabara zilikuwa tupu, na hilo lilikuwa baya. Kumfuata mtu kwenye umati ni rahisi. Kumfuata mahali ambapo watu wote wako mbele ya televisheni, kila hatua yako inasikika. Kila dirisha lilitoa sauti ile ile ya mtangazaji wa mpira. Mpelelezi alipita upande wa vivuli, konstebo upande wa pili, na mbele yao lile koti likatembea bila kuharakisha, likapita duka la dawa lililofungwa, likapita kinyozi aliyewapa wateja wake mgongo ili aone skrini.

Mara kelele zikalipuka madirishani. Chungwa wamepata bao. Konstebo alijisahau. Alisimama katikati ya barabara akashika kichwa kwa mikono miwili, kwa maana timu iliyofungwa ilikuwa yake, na mwanamume akageuka.

Mpelelezi alijibana kwenye mlango wa duka. Mwanamume alimtazama konstebo, mtu mnene mwenye jezi ya Chungwa, ameshika kichwa kama aliyefiwa, na madirisha yote yanaimba bao la Chungwa.

"Pole, mzee," alimwambia kwa upole. "Mtasawazisha."

Akaendelea na safari yake.

Konstebo alibaki amesimama, mikono bado kichwani. Mtu yeyote aliyewahi kutazama mpira angeuliza kwa nini shabiki analia timu yake ikifunga. Huyu alimpa pole.

Koti liliingia kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa na duka la matairi chini. Uani kulikuwa na gari limegeuzwa tayari, pua ikielekea barabarani. Walimkuta katikati ya ngazi, ufunguo mkononi. Konstebo alimbana ukutani kwa tumbo tu, pingu zikafuata. Mwanamume hakupigana wala hakukimbia. Jambo hilo ndilo lililomtia mpelelezi baridi.

"Mimi ni wakala," alisema. "Msichana amekuja kwa hiari yake, hakuna aliyemshika mkono. Muulizeni mwenyewe."

Alisema kwa kujiamini kabisa. Mpelelezi alijua kwa nini. Kama Kiberiti angesimama mbele ya hakimu akasema nilikwenda kwa miguu yangu, mtu huyu angetoka, na mashindano ya mwakani angekuwa kwenye bomba lingine. Alimpokonya ufunguo, lakini hakuuingiza kwenye kitasa. Aligonga mlango.

Ndani sauti ya televisheni ilikuwa juu sana. Sauti ya msichana ikauliza ni nani.

"Natoka uwanjani, Kiberiti."

"Kocha kakutuma? Mwambie upande wa kushoto kumeachwa wazi kama uwanja wa watoto kuchezea. Kaweka nani pale? Lile bao limepita pangu."

"Fungua tuongee."

"Ngoja."

Hatua zikaja mpaka mlangoni. Kitasa kikainama, kikarudi. Kikainama tena.

"Kimegoma," alisema.

"Jaribu tena, mwanangu. Taratibu."

Kitasa kilitikiswa, kisha kikatikiswa kwa nguvu. Halafu kikaachwa. Televisheni ilikuwa inaeleza kona ya Weupe. Konstebo alitazama pembeni.

"Hakijagoma," Kiberiti alisema. Sauti ilikuwa imepungua, haikuwa tena ya mtu anayefokea kocha. "Kimefungwa kwa nje. Dada, nani kanifungia?"

Mwanamume wa koti aliangalia sakafu. Mpelelezi alimgeuza kidevu ausikilize mlango, kisha ndipo akaingiza ufunguo.

Walirudi uwanjani kipindi cha pili kikiwa kimekaribia mwisho, Weupe bado wako nyuma kwa bao moja. Kiberiti alipita lango la nyuma amevaa kandambili na gauni la nyumbani, sweta la mpelelezi mabegani. Kocha alimwona. Alichukua jezi namba kumi na moja kutoka kwenye benchi, akapiga hatua, akamwona mama wa msichana anashuka ngazi za jukwaa, akairudisha jezi alipoitoa.

Mama hakumkumbatia, wala hakumuuliza kitu. Alimshika bega kama wamekutana sokoni na kuna foleni, akamgeuza, mgongo kwake, uso uwanjani. Mama Ukuta alimpitishia utepe. Mama akakusanya nywele zote kwa mkono mmoja, akazivuta nyuma, akaanza kufunga.

Mtangazaji aliwaona. Kipaza sauti kilikwaruza, mtu akavuta pumzi, kisha kikazimwa.

"Mama, unavuta," Kiberiti alisema. "Inauma."

"Acha iume."

Alimaliza, akatazama, akafungua, akaanza tena. Kiberiti aliinamisha kichwa kidogo nyuma ili mikono ya mama ifike vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka, na macho yalikuwa kwenye upande wa kushoto wa uwanja.

Mpelelezi alisimama hatua chache kutoka kwao, ameegemea bomba. Nyuma yake uwanja ukalipuka, watu wakaruka, Mama Ukuta akapuliza filimbi mpaka ikapasuka, na konstebo katika jezi yake ya Chungwa akapiga magoti akishukuru Mungu mbele ya mashabiki waliomshangaa.

"Afande, tumesawazisha," alipiga kelele. "Geuka uone."

Hakugeuka. Alikuwa ameupa uwanja mgongo, anatazama jukwaa, uso kwa uso, safu kwa safu, anamtafuta yeyote ambaye macho yake hayakuwa kwenye mpira. Alipomaliza safu ya mwisho alirudi ya kwanza, akaanza upya.